Kamera Iligeuka kwa Mgeni Rasmi

Msomaji, kwa juma zima tumemwacha refa Winnie Nduwayezu ameinama mbele ya skrini, chini ya turubai la bluu, uwanja wote wa Kasulu umenyamaza nyuma ya mgongo wake. Tumrudie kabla kiuno hakijamuuma.

Alichokiona kwenye skrini ile hakikuwa mpira.

Alimwona mgeni rasmi. Anainuka kitini, anafunga kifungo cha koti, anacheka meno yote nje.

"Rudisha nyuma," Winnie alisema.

Gharibu, mpiga picha wa harusi ambaye kamati ilimkabidhi mitambo yote ya siku ile, alirudisha. Nsabimana, mshambuliaji wa Kibondo, anapiga shuti kutoka nje ya boksi. Mpira unapaa, unaelekea mtambaa wa panya. Hapo hapo picha inayumba, inafagia vichwa vya watu, inatua kwa mgeni rasmi na kifungo chake.

"Mpira uko wapi, Gharibu?"

"Upo, dada. Ulikuwepo."

"Kwenye picha uko wapi?"

"Watu walipiga yowe. Mkono ukaenda wenyewe."

Na kweli ulikwenda wenyewe. Mtu huyu amepiga picha za harusi, sendofu na kipaimara tangu ujana wake. Katika kazi ile, vigelegele vikipanda unamwacha bwana harusi na keki yake, unageuza kamera kwa wazazi, maana wao ndio watakaoitazama kanda mpaka uzeeni. Leo yowe lilipopanda, Gharibu akatafuta wazazi. Akamkuta mgeni rasmi.

"Na kamera ya mkeo Zaitun, ile ya nyuma ya goli?"

"Mashabiki wa Kibondo wameikumba walipokimbilia goli. Imeanguka na stendi yake. Haiwaki."

Winnie alihisi jasho likimshuka nyuma ya masikio.

Ilikuwa fainali ya Kombe la Ujirani, sare ya moja kwa moja, muda wa nyongeza unaishia. Shuti la Nsabimana liligonga mtambaa wa panya, likadunda chini, kipa wa Kasulu akalidaka na kulikumbatia kama mtoto aliyeokotwa mtoni. Kibondo walisema limevuka mstari. Kasulu walisema halijavuka. Na kwa mara ya kwanza wilaya hizi mbili zilikuwa na VAR yao wenyewe: kamera mbili, laptopu moja, na runinga iliyoazimwa kwenye kibanda umiza.

"Refa, hiyo sinema inaisha saa ngapi?" mtu alipaza sauti kutoka jukwaani.

"Weka iliyotafsiriwa," akadakia mwingine. "Sisi Kizungu hatujui."

Watu wakacheka. Kicheko kile hakikuwa na raha ndani yake.

Winnie alimwita Stanislaus, mshika kibendera wa upande ule.

"Uliona nini?"

"Jua, dada. Jua lilikuwa machoni."

"Mbona ulinyanyua kibendera?"

"Nilinyanyua, nikashusha."

"Kwa nini ulishusha?"

Stanislaus alitazama viatu vyake. "Nilikuona umeshakimbilia skrini. Nikasema, skrini itasema."

Winnie hakuweza kumkaripia. Yeye mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Kanuni ya kamati ilikuwa wazi: refa aamue kwanza, ndipo akatazame picha, picha ikikosekana, uamuzi wake wa kwanza unabaki. Lakini yeye hakuwa ameamua kitu. Mpira ulipodunda tu, alichora kisanduku hewani kwa vidole, ishara ya kwenda kutazama picha, akakimbia. Tena alikimbia kwa furaha, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Tangu zilipotangazwa kamera zile, alikuwa akimshukuru Mungu kila asubuhi. Alijua kwa nini. Baba yake, mzee Mpawenimana, mkulima wa maharage na mihogo kule Makere, aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake akikimbizwa na vita vya Burundi. Leo ni raia, ana karatasi yake, ana kura yake. Siku Winnie alipoanza kupuliza kipenga, mzee alimwambia neno moja tu. "Wewe ukikosea, mwanangu, hawatasema Winnie amekosea. Watasema wale wamekosea."

Na Nsabimana wa Kibondo naye alikuwa mtoto wa wale.

Turubai lilifunuliwa. Aliingia Nurudini, mwenyekiti wa timu ya Kasulu, mwenye duka la vitambaa pale mjini, kanzu nyeupe bila doa katika vumbi lote lile.

"Binti," alisema taratibu, "walipokupanga wewe, watu wangu walinung'unika. Mimi nikawaambia, huyu ni mtoto wetu wa Makere, atachezesha kwa haki. Sasa usinifanye nionekane mjinga."

"Hapa haruhusiwi mtu, mzee wangu."

"Nimeshatoka," alisema Nurudini, na akatoka.

Winnie alifumba macho. *Mana yanje*, aliomba kimoyomoyo kwa lugha ya nyumbani, *Mungu wangu, nionyeshe nilichokiona.*

Akauona mpira. Ukashuka kutoka kwenye mtambaa wa panya, ukagonga ardhi, na kati ya mpira na mstari akauona udongo mwekundu. Udongo mtupu. Mpira ulikuwa umevuka wote.

Alifumbua macho, akatoka juani, akapuliza, akaonyesha katikati ya uwanja.

Goli.

Mchezo uliobaki haukuwa mchezo. Mpira ulianzishwa, ukabutuliwa nje, kipenga cha mwisho kikalia. Kibondo mawili, Kasulu moja. Upande mmoja watu walikuwa wanabebana mabegani, upande wa pili walikuwa wanaruka uzio.

"Umempa ndugu yako."

"Rudi kwenu na kipenga chako."

Nyanya moja ilimpata begani, ya pili ikampata polisi aliyekuwa akimkinga. Walimkokota mpaka chumba cha nyuma ya jukwaa, mahali panapohifadhiwa nyavu na mafyekeo ya uwanja, wakamfungia ndani kwa usalama wake. Winnie alikaa juu ya rundo la nyavu. Moyo ulikuwa umetulia. Alikuwa ameamua alichokiona. Baba angesikia redioni, angeelewa.

Nje, kipaza sauti kilikohoa. Mgeni rasmi alikuwa anaanza hotuba.

Mlango uligongwa mara moja, polisi akaufungua, akaingia Gharibu na laptopu kwapani. Nyuma yake alikuwa mkewe Zaitun, amebeba kamera iliyojaa nyasi.

"Dada," alisema Gharibu, "hii kamera haikufa."

"Unasemaje?"

"Betri ilichomoka tu ilipoanguka. Nimeirudisha, ikawaka. Na kabla haijaanguka ilikuwa inarekodi."

"Basi vizuri," alisema Winnie. "Kila mtu ataona."

Gharibu na mkewe walitazamana.

Gharibu aliweka laptopu juu ya ndoo iliyofunikwa, akabonyeza. Picha ilitoka nyuma ya goli, chini chini, safi kama maji ya kisima. Nsabimana anapiga. Mpira unagonga mtambaa wa panya, unashuka, unagusa ardhi. Gharibu akausimamisha pale pale.

Mpira ulikuwa umekalia mstari.

Si wote. Sehemu kubwa ilikuwa ndani. Lakini ukingo wake, mwembamba kama ukucha, ulikuwa bado juu ya chokaa. Na mpira usiovuka wote si goli, hilo hata watoto wa Makere wanalijua.

"Rudia."

Alirudia.

"Rudia tena."

Alirudia. Winnie alikuwa anautafuta ule udongo mwekundu kati ya mpira na mstari. Aliuona kwa macho yake. Angeweza kuapa kanisani. Sasa alikuwa anautazama mahali ulipopaswa kuwa, na haukuwepo.

Alijishika kifua. Kukosea ni jambo moja. Kilichomtisha ni kwamba aliomba aonyeshwe, akaonyeshwa kitu, na kitu chenyewe hakikuwepo. Je, macho yake ndiyo yaliyomdanganya, au alitaka Nsabimana afunge bila kujijua? Watu wale waliokuwa wakimtukana kwenye uzio, je, waliona ndani yake kitu ambacho yeye hakukiona?

"Niifute?" Gharibu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi, Zaitun, na Mungu."

"Basi tumeshakuwa wengi," alisema Winnie.

Zaitun aliguna. "Dada, kombe bado halijatolewa. Nilisikia mnasomewa kanuni asubuhi, nilikuwa natega kamera yangu pale pale."

Alikuwa amesikia sawasawa. Kamati iliandika kwamba picha ikipatikana kabla kombe halijakabidhiwa, refa ana ruhusa kurekebisha. Goli likifutwa, matokeo yanarudi sare ya moja kwa moja, na timu zinapigiana penalti.

Kipaza sauti kilisikika mpaka ndani. "Na kwa kumalizia," mgeni rasmi alisema.

Winnie alisimama. Kabla hajagusa mlango, mlango ulifunguka wenyewe.

Alikuwa Melkiadi, mtathmini wa waamuzi aliyetoka mkoani kuja kumpima Winnie kama anafaa kupanda daraja. Ni yeye pia aliyeleta wazo la kamera, na alikuwa amekwisha kuahidi kulipeleka wilaya nyingine. Alikuwa anahema.

"Gharibu, uko huku? Mgeni rasmi hawezi kukabidhi kombe bila kamera. Amegoma. Anaongeza hotuba ili akusubiri wewe." Akamgeukia Winnie, akatabasamu. "Na wewe hongera. Umeamua kama mtu mzima. Nimeshakupitisha."

"Mzee Melkiadi, tazama hii kwanza."

Alitazama. Alitazama mara moja tu. Tabasamu liliondoka polepole, kama mtu anayezima taa za nyumba moja baada ya nyingine.

"Nani ameiona?"

"Sisi."

Melkiadi alikaa juu ya nyavu alipokuwa amekaa Winnie. "Nisikilize, binti yangu. Sina ubaya na wewe. Polisi niliopewa leo unawaona walivyo wachache. Kibondo wameshaimba, wameshalia, wameshapiga simu nyumbani. Ukiwanyang'anya kombe hapa, lori lao litapita barabara gani kurudi?"

"Lakini haukuvuka."

"Najua haukuvuka. Nina macho." Aliinamisha kichwa. "Na ukisema umekosea, watu wa Kasulu watakupongeza? Watasema, tuliwaambia. Watasema hao ndivyo walivyo, mpaka mashine iwaumbue. Mdogo wako akitaka kibarua mjini, watamkumbusha mpira huu. Hilo unalijua kuliko mimi."

Winnie alilijua. Lilimuuma zaidi kwa sababu lilisemwa kwa upole.

Melkiadi alinyoosha mkono, akachomoa kadi ya kamera kwenye laptopu, akaitia mfuko wa shati.

"Kamera ya pili ilianguka," alisema. "Haikurekodi. Gharibu, twende, mgeni rasmi anasubiri."

Gharibu alimtazama Winnie, akatazama mlango, akaokota kamera yake kubwa, akafuata. Mtu wa watu, hakuzoea kusema hapana.

Walibaki wanawake wawili na laptopu yenye skrini nyeusi.

"Na kwa kumalizia kabisa," kipaza sauti kilisema.

Zaitun alikuwa anatoa nyasi kwenye kamera, moja moja, kama anachambua mchicha.

"Mume wangu ana mambo mengi ya hovyo," alisema. "Hafungi mlango wa choo. Anakula huku anaongea na simu. Lakini hawezi kumwonyesha mtu picha kabla hajaikopi."

Winnie aligeuka.

"Kuna harusi moja ya Nyabibuye," Zaitun aliendelea. "Wajomba wa pande mbili waligombania kadi mpaka ikaangukia kwenye sufuria la wali. Tangu siku ile, kitu cha kwanza ni kukopi. Hata akioa mke wa pili atanikopi mimi kwanza."

Alibonyeza. Mpira ulitokea tena, umekalia mstari.

Winnie alicheka. Dakika ile ile simu yake ikalia. Baba.

"Nimesikia redioni," mzee Mpawenimana alisema. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia. "Majirani wanasema ulivuka kweli. Nimewaambia mwanangu ana macho."

"Haukuvuka, baba. Nimeona picha."

Winnie alisikia mzee akisogea mbali na majirani.

"Nani anajua?" mzee aliuliza.

"Wachache. Nimeambiwa ninyamaze. Wanasema nikinyamaza itakuwa heri kwenu."

Winnie alisikia mlango wa zizi ukifunguliwa.

"Ngoja nimwambie mama yako aingize mbuzi," alisema baba. "Na watoto waingie ndani. Kisha useme."

"Baba, ulinionya kuhusu watu."

"Nilikuonya kuhusu watu. Sikukuambia umwogope mtu kuliko Mungu. Nenda, kabla sijageuza mawazo."

Alikata simu.

Winnie alipiga goti pale pale juu ya nyavu, sala fupi kuliko zote alizowahi kusali. Hakuomba kuonyeshwa kitu. Aliomba miguu tu. Akabeba laptopu kifuani, Zaitun akamfungulia mlango.

"Dada refa, unakwenda wapi?" polisi wa mlangoni aliuliza.

"Kazini."

Jua lilikuwa limelala juu ya milima, uwanja umejaa watu mpaka kwenye nyasi. Walipomwona, upande wa Kibondo walimpigia makofi. Alitamani ardhi immeze kwa makofi yale. Upande wa Kasulu mtu alisema, "Amekuja kuchukua fungu lake," na waliomzunguka wakazomea.

Aliendelea kutembea. Jukwaani, mgeni rasmi alikuwa amefunga kifungo cha koti. Mkononi alikuwa na kombe, utepe wa kijani unapepea. Mbele yake alisimama Nsabimana, nahodha wa Kibondo, jezi imelowa, mikono ameinyoosha. Melkiadi alikuwa pembeni. Alimwona Winnie, akaona laptopu, na mkono wake ukaenda wenyewe mpaka mfuko wa shati, kuhakikisha kadi ipo.

"Kwa hayo machache," alisema mgeni rasmi.

Winnie alianza kukimbia. Laptopu ilikuwa inampiga mbavuni. Aliona mikono ya mgeni rasmi ikisogea mbele. Aliona vidole vya Nsabimana vikifunguka. Akatia kipenga mdomoni, akapuliza kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

Uwanja ulinyamaza. Hata wazomeaji walinyamaza, maana hakuna aliyewahi kusikia kipenga katika hotuba.

Kwa mkono mmoja uliokuwa huru, Winnie alichora kisanduku hewani.

Jukwaani, watu wawili walikuwa wamesimama kama sanamu. Mikono minne juu ya kombe moja. Mgeni rasmi alikuwa bado hajaachia. Nsabimana alikuwa ameshalishika.

"Limekabidhiwa," Melkiadi alisema upesi. "Kombe limekabidhiwa, mambo yamekwisha."

"Halijakabidhiwa," alisema Nurudini, akipanda ngazi za jukwaa na pindo la kanzu yake mkononi. Alikuwa ameiona laptopu, na hakuwa mjinga. "Kipenga kimelia kwanza."

"Mkono umeshika kwanza."

"Kipenga."

"Mkono."

"Mbona tunabishana?" alisema Nurudini. "Si kuna kamera?"

Watu wote, jukwaani na kwenye nyasi, wakageuka kumtazama Gharibu.

Gharibu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye kombe, kamera begani, taa nyekundu inawaka. Uso wake ulikuwa umepauka. Kipenga kilipolia, mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Safari hii haukwenda kwa mgeni rasmi.

Kamera ilikuwa imeelekezwa kwa Winnie. Ilikuwa na picha yake, mashavu yamejaa upepo, na hapakuwa na kombe hata pembeni.

"Samahani, dada," Gharibu alinong'ona.

Nsabimana hakuwa ameondoa mikono kwenye kombe. Alimtazama Winnie, mtoto wa wale kwa mtoto wa wale, akauliza polepole ili wote wasikie.

"Dada Winnie, safari hii picha haipo. Wewe ulikuwa unanitazama mimi. Nilikuwa nimelishika, au bado?"